Ndege ya Baba Imetua Boito

Boito, Jumapili

Kaka Phelix,

Sisi wazima, na majani chai yanachipuka vizuri na hii mvua. Ile ndege ndogo ya plastiki uliyomtumia Baba aiunganishe, ya zamani ya kuruka kutoka kwa meli ya vita, ameimaliza. Amepaka hadi madoa ya chumvi ya bahari, na bahari mwenyewe hajawahi kuiona.

Lakini sielewi. Mabawa yake ni ya kukunjwa ili iingie melini. Baba ameyabandika wazi kwa gundi, halafu akapigilia msumari kwa dari, akaitundika. Msumari, Phelix! Si alitukataza kupigilia misumari tangu utotoni, eti hapa ni kazini tu, dala, nyumbani kwetu, ni Ugenya?

Alistaafu mwezi jana, akarudisha nyumba ya kampuni ya chai, sasa amepanga chumba hapa sokoni. Nikamuuliza, "Baba, ukienda nyumbani, hii itaingiaje kwa boksi?"

"Adongo, hiyo imefika," akasema, akatafuta msumari mwingine wa kutundikia koti lake.

Huko Ugenya Mama amepaka nyumba chokaa, anamngoja. Kesho atanipigia simu, na chokaa imeshakauka. Nimwambie nini?

Dadako,
Adongo