Maombi Yaliyotufungia Angani

Chombo cha Majaribio,
Juu ya mawingu yenu.
12 Agosti 2025

Mpendwa shangazi yangu, Tata Kabura,

Habari za Othaya? Mgongo wako unaendeleaje? Natumai baridi ya Agosti haijakufungia jikoni na bado una nguvu za kuchuma chai. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo inayonisumbua, na nitakueleza.

Barua hii naisoma kwa redio, na Zeynab, karani wa kambi ya Nanyuki, anaichapa. Atakuletea mwenyewe, kwa hivyo mpe chai hata akisema ana haraka.

Unajua tulivyoletwa huku. Jeshi lilitaka watu wa kujaribu mzinga mpya unaorusha vyuma angani, na kila kambi ikamtoa yule ambaye ilikuwa imemchoka. Meja Mathenge aligombana na wakubwa. Sajini Simeon huhubiri hata kwenye gwaride. Kullow, ambaye kwao Nanyuki wanauza ng'ombe, hutapika akipanda ngazi tu. Na mdomo wangu unaujua, wewe ndiye uliyenilea nao.

Tata, tumekwama, na kosa ni letu wenyewe. Siku ya jaribio mzinga ulikuwa umeshawekwa ujifyatue, na kazi yetu ilikuwa kuukodolea macho, ukiyumba tuuzime. Simeon akasema hatuwezi kuanza bila maombi. Unatujua watu wa kwetu, nani angekataa? Tukainamisha vichwa. Akaombea taifa, akaombea mvua, akaombea bei ya kahawa. Kabla hajafika amina mzinga ukayumba, ukafyatuka, na chuma kikapasua injini ya chombo cha kuturudisha nyumbani.

"Ati hakuna mtu alikuwa anaangalia?" Meja akafoka. Sote tukamgeukia Kullow, kwa kuwa yeye ni Mwislamu.

"Mimi niliinama juu nyinyi wote mliinama," akasema. "Ningewaangalia aje, kama mwizi?"

Tangu hapo tumebanana katika chumba kisichozidi jiko lako. Hakuna mlango wa kutoka nikapunge hewa. Soksi za Meja nazo zinataka kutuua kabla ya wakati. Mlima Kenya hupita chini ya dirisha, nauona kabisa, kisha unaniacha, halafu unarudi tena, nami niko pale pale na paji la uso kwenye kioo. Naogopa, Tata. Hewa itatuishia kabla wakubwa hawajapata chombo kingine cha kutuchukua.

Limebaki jambo moja. Mzinga ukifyatuka hutusukuma nyuma, na Kullow akawaza kwamba msukumo huo unaweza kutupunguzia mwendo badala ya injini, tuanguke kuelekea nyumbani. Wakubwa wamepiga hesabu, wamekubali. Alhamisi saa tisa mchana tutafyatua vyuma vyote vilivyobaki. Tukikosea kidogo tutaungua, au tutabaki huku mpaka pumzi ituishie.

Kila mmoja amepewa taa yake ya kuangalia, na Meja ameapa kumzaba kofi atakayefumba jicho. Simeon amenuna, hata chakula hagusi. Anasema kuanza kazi bila maombi ni kutafuta balaa. Mimi humcheka mbele ya wenzangu, lakini nikijifunika blanketi moyo hunienda mbio, maana wewe pia ndivyo ulivyonifunza.

Ndiyo sababu ya barua hii. Tafadhali, saa hiyo wakusanye akina mama wa kanisa mfumbe macho kwa niaba yetu. Zeynab atampitia Nasro, mama yake Kullow, naye atuombee kwa njia yao.

Nisalimie binamu Muchiri na mkewe Shiro, na uwaambie kuku wangu wasiwachinje bado. Mungu akupe afya na aibariki nyumba uliyonilelea.

Na yule Mama Beth, ambaye akiombea chai inapoa hadi tunamkoholea, safari hii asikoholewe. Mwacheni aombe apendavyo. Na msiseme amina mpaka msikie tumetua.

Mwana wako akupendaye,
Wacera