Matete ya Bwawani

Lusungu mjukuu wangu, kamwene. Huku Mufindi ni ukungu tu. Shangazi yako alikuja Jumapili, akala, akarudi Iringa.

Umeuliza kwa nini nimemkataza shangazi yako kusafisha chumba ulichoacha ulipokwenda kusoma Mbeya. Ujanani nilitunza bwawa, watu wakija kupiga makasia na kutazama ndege. Siku moja nikafyeka matete yote ya ukingoni, ili ndege waonekane vizuri. Kumbe viota vyao vilikuwa mle mle, wakahama. Wageni walikaa kutwa wakitazama maji matupu.

Viatu vyako viko pale pale mlangoni, koti lako msumarini. Shangazi yako anaona vumbi. Mimi naona matete, na safari hii panga sishiki.

Babu yako