Kwa Rehema, Aliyekuwa Akifunua Kurasa

Shoga'angu Rehema,

…enhe, nilikuwa nimefika wapi? Wameniita kukaanga sambusa, barua nimeiacha pale nilipoanza kukusimulia yule daktari wa meno. Basi kafika kutoka mtaa wa Al Thumama na fidla yake, ananukia kama kamwagiwa ndoo ya manukato. Unamjua. Anafumba macho, anatikisa kichwa utadhani kapandisha mashetani, halafu kinachotoka ni paka kabanwa na mlango.

Na wamerudia kile kile! Muziki wa yule Mzungu wa zamani, piano moja na fidla tatu, ndogo, ya kati, na ile kubwa ya kukumbatia kwa magoti. Madamu anawaambia wageni, "Dunia imemsahau bure." Bure? Waliomsahau walikuwa na kazi zao za kufanya! Ukisikia hawa wanne wanavyomcheza, maskini wa Mungu, unaona afadhali asahauliwe.

Lakini wewe ulimpenda. Siku ile Madamu kakuita pale kwenye piano umfunulie kurasa za muziki, mikono yako ina unga wa maandazi. Ukamwambia, "Madamu, mie sijui kusoma." Maana hata barua zako za Tanga nilikuandikia mie na darasa langu la nne! Akasema, "Nikitikisa kichwa, funua tu." Wiki ya tatu hukungoja kichwa tena. Umeshaushika wote, unapepeta mchele huku unauimba. Pale fidla kubwa inapolia peke yake ulinifinya: "Sikiliza, Zaina, huyu mtu kafiwa."

"Kafiwa na akili!" nikakujibu. Tukacheka mpaka maziwa yakafurika.

Ulipoondoka kwenda kuumwa kwenu, wakanunua kioo kama simu kubwa, kina kidude cha kukanyaga kwa mguu, eti kinafunua kurasa chenyewe. Siku ya wageni kikaruka kurasa mbili. Madamu yuko mwisho, daktari bado katikati, na hakuna aliyegundua! Watu wakapiga makofi wamesimama. Mie jikoni nimekaa chini kwa kicheko. Wewe ungewaona tu, ungesonya.

Halafu ikaja habari yako. Nikamwendea Madamu nalia. Akasema, "Oh, pole." Akanywa kahawa yake. Kisha: "Sasa nani atanifunulia?" Hivyo hivyo, Rehema! Na ndio watu wanaolilia maiti wasiyemjua ndani ya muziki, wanajipangusa macho kwa vitambaa vya hariri.

Kaniambia nifunue mie. Nimekataa mara mbili. Si woga. Nikikalia kile kiti chako, ndio itakuwa kweli umekufa.

Leo kanipa kitabu cha muziki nikizoee. Kila ukurasa, chini pembeni, alama ya kidole chako, mafuta na unga. Anasema kajaribu kuzifuta, zimegoma. Nikamwambia hizo akizigusa tena, kesho sambusa atakaanga daktari.

Na jana, usinicheke, nimejikuta nauimba nikikata vitunguu. Wote, mpaka pale pa mfiwa. Nimejitukana mwenyewe.

Sasa nimevaa lile gauni jeusi la kuandalia wageni, viatu vinabana. Namsikia daktari anakaza nyuzi, Mungu atunusuru.

"Zaina! Yalla, haraka, wageni wamekaa!"

Umesikia? Nakuja, Madamu, nakuja! Rehema, tukifika pale fidla inapolia, mie simngoji atikise kichwa.

Mwenzio wa jikoni