Nyundo ya Baba

Nyumba za Wafanyakazi, Na. 7,
Bustani ya Mimea.
14 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Hamjambo huko, wewe na wifi? Na kikohozi cha mtoto, kimepungua? Sisi miili ni mizima, mioyo ndiyo haiko sawa.

Baba ameacha kazi. Miaka thelathini na nne bustanini, na hata chai ya kuagwa ameikataa.

Unaikumbuka nyundo yake ya mbao. Kila mwaka kabla ya mvua alizunguka akigonga mti mmoja mmoja, sikio kwenye gome. Uliooza ndani hulia kama debe tupu. Akisema ukatwe, unakatwa. Akisema uachwe, watu wanakaa chini yake bila wasiwasi. Hakuna aliyethubutu kupima nyuma yake.

Mwaka huu aliugonga mkuyu wa karibu na lango, akaandika "mzima". Wiki tatu baadaye ukaanguka, na upepo wenyewe hakuna. Ulimwangukia mkata nyasi, yule rafiki yake aliyekuwa akikubeba mabegani. Yuko hai, lakini mguu wamemkata.

Shina lilikuwa tupu kabisa. Mwenye masikio yoyote angelijua.

Siku ileile Baba aliiweka nyundo mezani kwa mkuu wa bustani. "Sisikii, mkubwa. Mwaka wa tatu huu. Nilikuwa nakisia kwa macho tu. Niliogopa mtanitoa kwenye miti, mniweke getini nikate tiketi."

Nilimkasirikia, kisha nikajikasirikia mwenyewe. Naishi naye nyumba moja! Redio alikuwa akiipandisha mpaka majirani wanagonga ukuta, nami nacheka, namwita mzee wa disko.

Sasa kila asubuhi anakwenda hospitali kumnyoa rafiki yake ndevu. Rafiki hamlaumu, na hilo ndilo linalommaliza Baba.

Jambo la mwisho linaniuma kukuandikia. Ile Jumapili ulipompigia kumwomba radhi kwa kuondoka bila kuaga, naye akakujibu, "Vyema, mwanangu, vyema," ukaniambia umetua mzigo. Juzi nilimwandikia kwenye karatasi, nikamuuliza kama kweli alikusamehe siku ile. Aliisoma mara mbili, akaniuliza, "Kwani aliniomba radhi?"

Usipige simu, mdogo wangu. Mwandikie, tena kwa herufi kubwa. Tangu juzi posta anakwenda yeye mwenyewe.

Msalimie wifi, umbusu mtoto, na shangazi akipita kwako mwambie namkumbuka. Mungu awafunike nyote.

Wako akupendaye daima,
Dada yako