Yule Mpiga Kasia Mweusi

Thorncliffe Park, Toronto
10 Februari 2014

Mpendwa dada Nyaboke,

Pokea salamu zetu kutoka kwenye theluji hii isiyokwisha. Mguu wako unaendeleaje? Na Mama, kikohozi kimemwacha? Sisi ni wazima wa mwili, ila moyo wangu hautulii, ndiyo maana nakuandikia.

Ni Kerubo. Unajua baba yake alishaamua kwamba binti yetu atasomea uuguzi. Mwezi uliopita msichana akatamka mezani kuwa anataka kusomea historia ya michoro ya kale. Baba Kerubo akasukuma sahani, akaenda zake kazini kule ghalani. Tangu hapo wakawa wanazungumza kupitia kwangu.

Alhamisi, shuleni kwao, kila mwanafunzi alieleza mchoro mmoja wa kale mbele ya wazazi. Nilimbembeleza Baba Kerubo mpaka akaja. Mchoro alioueleza Kerubo ulikuwa wa mji wa Venisi, kule Italia, wa miaka mia tano iliyopita: mfereji umejaa mashua, watu wamesongamana darajani, na juu pembeni, kwenye roshani, kasisi anamponya mgonjwa. Akatuonyesha kwamba wengi wala hawautazami huo muujiza. Kisha akatuonyesha mtu mweusi aliyevaa vizuri, anapiga kasia huku mbele.

Mwalimu akamwuliza mtu yule anawaza nini. Ukumbi mzima ukamgeukia mwanangu, maana darasani mwao mweusi ni yeye peke yake. Nilitamani nimfuate nimtoe pale.

"Sijui," akasema. "Aliyemchora hakutuachia hata jina la mtu huyu. Mkitaka nimsemee, nitakuwa namzulia."

Baba yake akainuka, akatoka nje.

Jana baada ya ibada akamwita Kerubo, akamwomba amweleze mchoro ule upya. Mtoto ambaye siku zote hutujibu kwa Kiingereza akajikongoja kwa Kiswahili. Baba yake akauliza kama yule alikuwa mtumwa au mtu huru. Kerubo akajibu kwamba huko walikuwapo wa aina zote mbili, na jibu hilo ndilo analotaka kwenda kulitafuta.

Baba Kerubo akamsogezea kiti.

"Basi kasome," akasema. "Lakini wakikugeukia tena vile, uje utuambie."

Nimefurahi, dada, na papo hapo naogopa. Kazi ataipata wapi? Tangu jana sikai nikakalika. Mwombeeni.

Nisalimie Mama, shemeji Ondieki na Bosibori. Mungu awazungushie ulinzi wake.

Mdogo wako akupendaye huku mbali,
Moraa