Nambari Niliyopewa Peke Yangu

Biryogo, Jumanne

Mimi sikumwambia mtu. Wallahi sikumwambia.

Leo Shadia, mteja wangu wa magauni, ameingia dukani, simu mkononi. Tangu amkimbie mume wake kule Kanombe alibadilisha nambari, akanipa mimi tu, ili nimwite gauni likiwa tayari. Jana yule mume alimwandikia. Picha ya Shadia ilimtokea tu huyo mume kwenye simu yake, chini yake maneno: huenda unamfahamu.

"Dada Hadija, nani mwingine iko na nambari yangu?"

Hakuna. Lakini mume naye namshonea kanzu. Wote watatu tunatumia programu ile ile ya kuandikiana, na siku naiweka iliniomba nambari zote za simuni, na zao wote wawili zimo. Nilibonyeza "Kubali" huku nina pini mdomoni, mteja amesimama ananingoja nimpime.

Wenye programu wanaandika eti faragha yetu ni amana kwao. Amana! Mimi kitambaa cha mtu kikibaki hata kipande, namrudishia.

Nilifuta nambari yake mbele ya macho yake. Akapanda moto, pikipiki ya abiria, akaenda, gauni kaliacha.

Sasa hivi nimefungua ile programu. Shadia yuko pale juu, anatabasamu. Huenda unamfahamu.