Silasi Amenyonya

Kitete, Tabora
Machi 1975

Mpendwa Baba Silasi,

Nisamehe kwa kuchelewa kuandika, mikono yote miwili ilikuwa imemshika mtoto. Tangu tuhamie kijiji cha ujamaa alikataa ziwa, akawa wa kulia tu. Mama yako akasema analilia jina la babu, tumwite Ngollo apone. Nikamjibu, "Mama, nakuheshimu, lakini Mungu namwomba kwa jina la Silasi."

Alipodhoofu tukamleta hapa hospitali ya Kitete. Niliomba hata maneno yakaniishia, nikawa namtajia Mungu jina hilo tu. Jana asubuhi akanyonya, akaniuma, nikashukuru kwa maumivu yale. Mama yako akacheka: "Kumbe Silasi ana meno!"

Tunarudi kijijini Ijumaa. Ututumie huko sabuni, ulezi wa uji, na kofia kubwa, maana kichwa ni chako.

Mkeo,
Paskazia